Mawe ya Mjane wa Cibitoke

Mwaka ule watu walipoanza kufukuzwa kwenye mitaa ya kaskazini, alikuja kwetu mama mmoja akiwa na sufuria ya maharage kichwani. Tulikuwa tunakaa Buyenzi, upande wa kuelekea soko la Jabe. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, na nyuma ya ua kulikuwa na vyumba vya kulala. Baba yangu alikuwa sonara, mtoto wa sonara. Wazee wake walishuka hapa kutoka Ujiji zamani, wakati Bujumbura ina nyumba chache tu za udongo karibu na ziwa. Mimi nilikuwa nimeachika na nimerudi kwa baba. Mama alikuwa ameshafariki. Tulibaki wawili.

Yule mama nilimfahamu. Mume wake alikuwa mchimba dhahabu kwenye milima ya kaskazini-magharibi, na kwa miaka mingi alikuwa akimletea baba vumbi la dhahabu ndani ya kichupa cha dawa. Mtu mcheshi, akikaa anaomba chai kabla hajasalimia. Sasa alikuwa amekufa. Alitoka asubuhi kwenda kumtafuta mdogo wake, na siku iliyofuata majirani wakamwonyesha mkewe mahali walipomzika. Mjane hakutueleza zaidi ya hapo na sisi hatukuuliza. Hata alikuwa wa upande gani katika vita vile sitaandika. Swali hilo liliua watu wengi, na kwenye nyumba yetu baba alikuwa amelikataza.

Alitua sufuria kwenye sakafu ya karakana, akaanza kuyachota maharage kwa bakuli. Chini yake yalikuwa mawe. Meupe, yenye mishipa ya rangi ya kutu, yamejaa nusu ya sufuria.

"Alikuwa ameyafukia chini ya kitanda," alisema. "Aliniambia, nikikufa, peleka kwa Muzee wa Buyenzi."

"Na bariyeri ulipita namna gani?" niliuliza, kwa maana kutoka Cibitoke, mtaa wake wa kaskazini, mpaka kwetu kulikuwa na vizuizi vya askari na vya vijana wenye mapanga, na kila kizuizi kilipekua.

"Niliyachemsha mpaka dakika ya mwisho. Maharage ya moto, mutu haingize mukono."

Baba alichukua jiwe moja, akalitia mate kwa kidole, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mikono ya baba ilitetemeka kila wakati, akila, akisali, akilala. Ilikuwa zebaki. Miaka mingi aliichoma ndani ya chumba kile chenye dirisha moja, na moshi wake ukamwingia kwenye mishipa kidogo kidogo, mpaka akashindwa kushika hata sindano. Ndiyo maana kazi ya moto na asidi nilikuwa naifanya mimi, yeye akikaa kwenye kigoda na kunielekeza.

"Dhahabu iko," alisema hatimaye. "Lakini haiko peke yake. Kuna fedha, na kuna shaba kidogo. Zinalala pamoja."

Yule mama alifunika uso kwa mikono. Watoto wake walikuwa wameshavuka mpaka wa nchi kwenda Uvira na dada yake. Yeye alibaki nyuma kwa ajili ya mawe haya tu, na sasa njia ya Gatumba, ya kwenda mpakani, ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kila siku bila mtu kujua kwa nini. Baba alimwambia akae kwetu mpaka kazi iishe. Nilimpa kanga zangu na mtandio wangu, na kuanzia siku ile mtu akiuliza nilisema ni ndugu yetu.

Jiwe la dhahabu ni gumu. Ukilipiga hivyo hivyo litakushinda. Kwanza unalichoma kwenye makaa mpaka liwe jekundu, kisha unalitumbukiza kwenye maji baridi. Linapiga kelele na kupasuka ndani. Baada ya hapo linasagika. Tatizo letu lilikuwa kinu. Kinu cha chuma kinasikika mbali, na mtaani kulikuwa na watu waliokuwa wakisikiliza kila nyumba ina nini. Baba akasema tutwange wakati wanawake wengine wanatwanga sombe, majani ya mhogo. Basi kila siku karibu na saa sita, vinu vya majirani vilipoanza kulia, na sisi tulitwanga. Wao wakinyamaza, tunanyamaza. Siku moja tuliposhika mchi milio ya risasi ilianza upande wa Bwiza, wanawake wote wakaacha kutwanga mara moja, na mchi wetu ukashuka peke yake mara moja zaidi. Tulibaki tumeukumbatia, mimi na yule mama, tumefunga macho kama watoto. Hakuna aliyekuja.

Unga wa mawe tulioupata tuliuchunga kwa kitambaa, tukauosha kwenye karai, maji yakachukua mchanga mwepesi na kuacha mzito, ule mweusi. Yule mama aliosha vizuri kuliko mimi. Alizungusha karai kwa nyonga, taratibu, maji yakitoka kwa ukingo mmoja tu. Kisha baba akatoa zebaki. Niliimimina ndani ya mchanga mweusi, tukasugua kwa mikono, na zebaki ikaenda inaokota dhahabu chembe kwa chembe. Tulipoikamua kwenye kitambaa kikavu, likabaki donge jeupe, laini kama siagi. Hilo nililichoma nje, nyuma ya choo, upepo ukitoka ziwani. Baba nilimkataza asisogee. Yule mama pia. Nilifunga mdomo kwa kanga iliyolowa na kusimama upande upepo unakotoka, maana ukisikia ladha ya chuma kwenye ulimi umeshachelewa.

Kilichobaki kilikuwa dhahabu, lakini dhahabu gani! Imepauka kama ugali wa mhogo. Niliiyeyusha kwa boraksi, ule unga mweupe wa kusafishia, ikakusanyika lakini rangi haikubadilika. Mnunuzi yeyote wa Rohero, mwenye vioo na mizani, angeitazama akasema hii ni shaba nyeupe, mama, ondoka. Fedha ilikuwa imeingia ndani mno.

"Tuitenge," baba alisema.

Nilijua maana yake. Asidi kali inakula fedha na shaba na kuiacha dhahabu. Lakini dhahabu ikiwa nyingi kuliko fedha, asidi inalamba juu tu na kurudi. Haipati njia ya kuingia. Lazima kwanza uizamishe dhahabu ndani ya fedha nyingi, uziyeyushe pamoja, ndipo asidi ipate milango. Na sisi fedha hatukuwa nayo. Wateja walikuwa wamekimbia, au wamezika vitu vyao.

Baba aliingia chumbani, akarudi na vikuku vya fedha vya marehemu mama. Vilikuwa vizito, vya kale, vya umbo la kamba iliyosokotwa. Babu ndiye aliyevitengeneza kwa ajili ya harusi yao.

"Apana, Muzee," yule mama alisema. "Hiyo apana."

"Itarudi," baba alijibu. "Fedha inaingia mu maji na inatoka tena mu maji. Ni safari tu."

Nilivikata kwa mkasi wa bati. Sikumtazama baba wakati nakata.

Usiku niliviyeyusha pamoja na dhahabu, na asubuhi iliyofuata tuliweka vipande vya mchanganyiko ule kwenye chungu cha kioo na kumimina asidi juu yake, kwenye moto mdogo. Moshi wa rangi ya kahawia nyekundu ulipanda, ule unaokwaruza koo. Kioevu kikaanza kugeuka kijani, na baadaye kijani chenye bluu: hiyo ni shaba, inajionyesha ya kwanza hata ikiwa kidogo. Fedha haionekani. Imo mle ndani lakini huioni, ni kama chumvi kwenye mchuzi. Na chini ya chungu kulikuwa na kitu cha kahawia, kama masimbi ya kahawa. Hiyo ndiyo dhahabu. Mtu asiyeijua angeimwaga kwenye mtaro.

Nilikimimina kile kioevu kwenye mtungi wa kioo, nikakipunguza kwa maji ya mvua, kwa sababu maji ya bomba yanaiharibu fedha. Ile ya kahawia niliiosha kwa maji ya moto, nikaiacha kwenye kikombe cha kahawa juu ya meza. Kisha nikamwonyesha yule mama waya wa shaba niliokuwa nimeutoa kwenye mota mbovu.

"Unyooshe huu," nilimwambia. "Tukiutia kwenye mtungi, shaba itaingia mahali pa fedha, na fedha itatoka."

Alikuwa ameshika waya huo mkononi wakati mlango uliposukumwa.

Walikuwa askari, wachache, na mkubwa wao alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Mmoja, kijana mrefu, alibaki mlangoni. Wengine walianza kufungua makabati bila kuambiwa.

"Ni harufu gani hii?" mkubwa aliuliza.

"Ni asidi, shefu," nilisema. "Ni ya kazi. Sisi ni masonara."

"Masonara. Mu vita hii nani anavaa dhahabu?" Alisogea, akaangalia chupa ya asidi bila kuigusa. "Kuna watu wanatengeneza bombe mu hii mitaa. Na hii vitu."

Akamgeukia baba, ambaye mikono yake ilikuwa inacheza juu ya magoti.

"Muzee, unatetemeka juu ya nini? Mutu hana kosa hatetemeki."

"Ni ugonjwa, mutoto wangu. Zebaki iliniingia. Hata mu sala ninatetemeka."

"Ugonjwa." Alimtazama muda mrefu. Niliona hamwamini, na niliona pia kwamba hakuna neno ningeweza kusema la kuituliza mikono ile. Kadiri alivyotazamwa, ndivyo ilivyozidi. Kisha yule mkubwa akamwona mama wa Cibitoke, amesimama karibu na ukuta kwenye mtandio wangu.

"Na huyu?"

Baba yangu alikuwa mtu ambaye hakudanganya. Aliwahi kurudisha mteja kutoka njiani ili amwambie kwamba pete ina ufa. Nilishika ukingo wa meza.

"Hapa kwangu ni mutoto wangu," alisema.

"Karangamuntu iko wapi?"

Kitambulisho chake kilikuwa kiunoni mwake, ndani ya kanga, na mtaa wake umeandikwa pale kwa herufi kubwa. Ningekuwa mimi, mkono ungekwenda kiunoni wenyewe. Yeye hakusogea.

"Shefu," baba akasema, "umeuliza hii maji ni ya nini. Hatujakujibu bado. Tukujibu ile ya kwanza, kisha uulize ya pili."

Kijana mrefu alicheka kidogo mlangoni na kunyamaza haraka. Mkubwa hakucheka. Niliposogea mezani alinielekezea kidole nirudi nyuma.

"We, apana. Huyu." Alimwelekezea yule mama. "Kama ni mutoto wa sonara, anionyeshe."

Sikuwa nimemweleza zaidi ya ile sentensi moja. Hakuwahi kuona kazi hii maishani. Alikuwa anajua karai na mchanga, hakujua mtungi. Aliuangalia waya, akaufuta kwa pembe ya kanga kama mtu anayefuta kijiko, akasogea mezani na kuushusha ndani ya kioevu, taratibu, mpaka vidole vyake vikakaribia kugusa maji. Nilitaka kumpigia kelele asiguse. Aliacha mahali panapostahili.

Kwanza hakikutokea kitu. Mkubwa alivuta pumzi, akataka kusema. Kisha waya ukageuka kijivu, kama umepatwa na ukungu. Ukungu ukaota manyoya. Manyoya yakawa sindano nyeupe zinazong'aa, zinakua mbele ya macho yetu, zinajitenga na kuanguka chini kama pamba iliyochambuliwa, na maji yakazidi kuwa bluu. Kijana mrefu aliacha mlango, akaja akachuchumaa mbele ya meza, bunduki ikigonga sakafu.

"Yesu wangu," alisema. "Iko inaota."

"Ni nini hii?" mkubwa aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ni fedha," alisema yule mama. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wameingia. "Ilikuwa mu maji, haikuonekana. Shaba inaingia pahali pake, yenyewe inatoka."

"Kumbe mulikuwa munaificha."

Baba ndiye aliyejibu. "Ukiitaka, shefu, ngoja imalize kuanguka. Ukiitoa sasa utapata nusu."

Wakangoja. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Walikaa kwenye vigoda vyetu na kungoja, mmoja akavuta sigara, na sisi tukasimama tukitazama vikuku vya mama yangu vikianguka chini ya mtungi. Maji yalipotulia mkubwa aliniamuru nichuje. Nilichuja, nikaiosha, akaifunga mbichi ndani ya kitambaa chake na kuitia mfukoni. Maji yakalowesha suruali yake. Akaamuru wachukue chupa ya asidi pia. Tayari alikuwa ameinuka. Ndipo alipoona kikombe cha kahawa.

"Na hii matope?"

"Ni ile inabaki," baba alijibu.

Mkubwa alitia kidole ndani, akakitoa kimepakaa kahawia. Alikisogeza puani. Nilikuwa naona dhahabu ya yule mama kwenye kidole cha mtu mwingine, na yeye haioni. Alikunja uso, akanishika aproni yangu kifuani, akakifuta kidole pale, kwa nguvu, mara mbili. Kisha wakaondoka. Karangamuntu hakuikumbuka tena.

Hatukusogea mpaka sauti za viatu vyao zilipokwisha upande wa soko. Halafu yule mama akaketi chini. Nilimuuliza mikono yake ilikaaje imara vile.

"Niliangalia mikono ya Muzee," alisema. "Nikasema, mu nyumba moja, mutu mumoja akitetemeka inatosha."

Baba alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa nikaona analia. Yule mama alitaka kumwomba msamaha kwa vikuku, akapiga magoti. Baba akamzuia kwa mkono ule ule unaocheza.

"Leta aproni," aliniambia mimi. "Kabla haijaguswa na kitu kingine."

Niliivua, nikaichoma kwenye bakuli la udongo mpaka ikawa majivu, na majivu tukayaongeza kwenye kikombe. Mchana ule ule, kwa boraksi iliyobaki, niliweka ile kahawia kwenye chungu cha moto na kuvuta mvukuto. Ilikaa muda bila kubadilika, chafu, ya aibu. Kisha ikasinyaa, ikajikusanya, ikafunguka ghafla kama jicho, na ilikuwa njano. Njano kabisa. Yule mama aliweka kiganja chake karibu na chungu mpaka nikamwambia ataungua.

Ilikuwa ndogo, kama punje ya haragwe. Kwenye mtungi baba akanitaka nitie misumari mibovu, na mpaka jioni ilikuwa imevaa shaba nyekundu. Hata shaba hakutaka ipotee siku ile.

Tuliposikia njia ya Gatumba imefunguliwa, nilimsuka nywele. Nilimkalisha katikati ya magoti yangu uani, nikaigawa punje ile vipande vidogo kwa patasi, na kila kipande nikakifunga kwa uzi mweusi ndani ya msuko, karibu na ngozi. Nilibana sana. Machozi yalimtoka lakini alisema nibane zaidi. Baba alimsomea dua ingawa alikuwa si Mwislamu, naye akaitikia amina mahali pasipo pake. Aliondoka na wanawake wanaovusha mawese kuuza, sufuria tupu kichwani.

Wiki zilipita. Mwanamke mmoja wa mawese aliporudi kutoka Uvira alituambia amefika, amewaona watoto, anauza mafuta sokoni. Tulishukuru. Muda si mrefu vita vikawaka na huko pia, na hatukusikia kitu tena. Baba aliendelea kumwombea kila alfajiri, bila kujua amwombee kama mtu hai au kama maiti. Mimi zebaki niliacha. Niliposhindwa kununua asidi niliacha na hiyo, nikabaki na kutengeneza hereni zilizovunjika.

Alirudi vita vilipokuwa vinaisha, mwaka ambao watu walianza tena kutembea jioni bila kukimbia. Nyumba yake ya Cibitoke aliikuta inakaa watu wengine, akapanga chumba Buyenzi, karibu na sisi, na binti zake wakubwa. Baba alikuwa hainuki tena. Kijiko kilikuwa kinamwaga uji kabla hakijafika mdomoni, na mimi alikuwa ananionea aibu. Yule mama aliketi kwenye mkeka bila kuuliza, akachukua bakuli, akaanza kumlisha. Baba alikubali.

Baada ya vijiko vichache alimshika mkono amzuie.

"Ile dhahabu," alisema. "Kule Uvira uliuzia nani?"

"Mununuzi mumoja Muhindi, Baba. Mutu mukali. Aliisugua kwenye jiwe lake jeusi, akaidondoshea asidi."

"Ikafanya nini?"

"Haikufanya kitu. Alama ilibaki vilevile."

Baba alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akafungua mdomo, na yule mama akaujaza uji.